Neno la Mtoto Mgonjwa Lisipotee Njiani



Wazazi wenzangu, na khasa nyinyi akina mama mnaokesha na wagonjwa, juma hili nataka tuwazungumze watoto waliopatwa na saratani, na jinsi wanavyoueleza uchungu wao. Mfano wetu uwe familia ya Chechelesi, Isiolo, mji ambao Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kimeru na Kiswahili husikika katika soko moja.

Mtoto wa huko akishukiwa kuwa na saratani, aghalabu hupelekwa hospitali kubwa ya rufaa, kama ile ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 280. Mtoto humwambia mamake kwa Kiborana, mama humfasiria muuguzi kwa Kiswahili, naye muuguzi humwandikia daktari kwa Kiingereza. Neno moja limevuka vizingiti vitatu kabla ya dawa kupimwa, na katika kila kizingiti kuna kinachodondoka.

Tazameni lugha zetu zenyewe. Mswahili akisema "naumwa", hatujui kama ana homa au ana maumivu mpaka tumuulize. Neno la Kisomali "xanuun" hubeba maumivu na ugonjwa pamoja, na "dhukkuba" la Kiborana ni vivyo hivyo. Basi mtoto akisema mguu wamuuma, na mama akafasiri kwamba mwanawe ni mgonjwa, muuguzi atapima homa na kupita zake, na mguu utabaki na uchungu wake.

Lakini lugha hizo hizo zina hazina. Sisi twasema tumbo lasokota, kichwa chagonga, kidonda chachonyota, mguu umekufa ganzi. Tabibu hufaidika na tofauti hizi, kwani uchungu wa kuchoma wenye ganzi mara nyingi hutoka kwenye mishipa ya fahamu, na matibabu yake huwa mengine. Mwaka 1975, Ronald Melzack wa Kanada alitoa orodha ya maneno ya maumivu ili wagonjwa wachague linalowafaa, kwa kuwa kuuliza kiasi cha uchungu peke yake hakutoshi. Mama mwenye kufasiri neno la mwanawe kama lilivyo amekwisha kumsaidia daktari kazi kubwa.

Baada ya lugha kuna malezi. Mvulana huambiwa kwamba mwanamume halii, na msichana huambiwa astahimili. Saratani ya damu huweza kuanza kwa maumivu ya mifupa, mtoto akakataa kutembea au akaamka usiku akilia miguu. Nasi husema anadeka. Wengine hunyamaza kwa kuogopa sindano, au kwa kumhurumia mama. Mtafiti wa Kimarekani, Myra Bluebond-Langner, aliandika mwaka 1978 kwamba watoto wenye saratani ya damu walijua hali yao hata walipofichwa, na wakajifanya hawajui ili wasiwahuzunishe wazazi wao. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mtoto ndiye aliyekilalia.

Huenda mtu akauliza: je, kulalamika si kukosa subira? Nabii Ayub, alayhi salaam, ni kigezo cha wenye kusubiri, naye alimlalamikia Mola wake madhara yaliyompata. Bibi Aisha, radhiyallahu anha, alipolalamikia kichwa chake, Mtume, swallallahu alayhi wasallam, hakumkemea, bali alieleza kwamba na chake pia chamuuma. Imam Bukhari aliipokea habari hii katika kitabu cha wagonjwa, chini ya mlango unaomruhusu mgonjwa kusema kwamba ana maumivu. Subira ni moyo usiokasirikia kadari ya Allah. Ulimi kumweleza tabibu mahali pauma wapi hakuupunguzi, kwani Mtume mwenyewe ametuamrisha tutafute tiba.

Ipo pia khofu ya mofini, kwamba ni kileo, au kwamba akipewa mtoto ni alama ya mauti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 kuhusu maumivu ya watoto uliweka hatua mbili: dawa nyepesi kwa uchungu mdogo, na mofini kwa uchungu wa kati na mkali, ikipimwa na daktari kulingana na uzito wa mtoto. Hutolewa kwa saa zake, bila kungojea mtoto alie. Dharura ina hukumu yake katika sheria yetu, na kumwondolea mtoto adhabu ni rehema. Mzazi asiinunue wala asiiongeze kwa rai yake mwenyewe. Lakini daktari akiiandika, asiifiche chini ya mto.

Nini tufanye? Muulizeni mtoto kwa lugha ya nyumbani: pauma wapi, pauma vipi, pauma kiasi gani? Mdogo na aoneshe kwa kidole juu ya mwili wake, au achague katika picha za nyuso, kuanzia inayocheka hadi inayolia. Neno lake mlitaje kwanza kama alivyolisema, kisha mlifasiri. Msimtwike ndugu yake mdogo kazi ya ukalimani. Ombeni muuguzi ajuaye lugha yenu. Na mtoto aliyenyamaza mtazameni: ameacha kucheza, amejikunja, hataki kuguswa. Hayo nayo ni maneno. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na maradhi ya mtoto mara nyingi hufichwa na sisi wakubwa.

Ewe Mola Mponyaji, waponye watoto wetu, uwape wazazi wao subira, na matabibu wao usikivu. Amin.