Leseni ya Nyumbani na Pikipiki ya Ugenini

Juma lililopita ilinifikia barua ya mzee mmoja wa Njombe. Nimeomba idhini yake niijibu hapa hadharani, maana jambo aliloliuliza linawahusu wazazi wengi wenye watoto walio ng'ambo. Mwanawe, kijana wa miaka 23, ni muuguzi mjini Birmingham, Uingereza, na ametimiza miezi tisa tangu ahamie huko. Tangu alipopata mshahara wa kwanza amekuwa akimlipia ada mdogo wake wa kike aliye sekondari. Sasa ameandika kuomba asamehewe ada ya muhula mmoja. Amepata pikipiki kubwa ya safari ndefu, BMW R 1250 GS iliyokwisha tumika, kwa bei anayoiona kuwa ni ya bahati, naye anataka kuizunguka Uskoti wakati wa kiangazi. Leseni anayo, asema baba: daraja A, aliyoipata hapa nyumbani kwa haki, na pikipiki ameziendesha tangu alipokuwa na miaka 18. Mzee anauliza: "Nimkubalie au nimkatalie?"

Mzee amelitazama suala hili kwa upande wa fedha, na hiyo ni haki yake. Lakini kabla ya fedha iko kalenda, nayo nadhani kijana hajaitazama.

Sheria ya huko, yaani Uingereza yenyewe pamoja na Uskoti na Welisi (Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake), humruhusu mtu aliyehamia kutoka nchi kama yetu kuendesha kwa leseni ya kwao vyombo vidogo vilivyoandikwa katika leseni hiyo, pikipiki zikiwamo, kwa muda wa miezi 12. Miezi hiyo huhesabiwa tangu siku alipoanza kuwa mkazi, wala si tangu siku aliponunua chombo. Mkazi akija likizo nyumbani na kurudi, hesabu haianzi upya. Kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho vijana wengi hukikata kabla ya kupanda ndege, nacho hakiongezi hata siku moja. Hicho ni tafsiri ya leseni tu. Ziko nchi ambazo leseni zao hubadilishwa huko bila mtihani, mathalani Afrika Kusini na Zimbabwe. Tanzania haimo katika orodha hiyo.

Basi tazama hali ya kijana huyu. Leo hii anaweza kuipanda ile BMW ya sentimeta za ujazo 1254 na kupita mbele ya polisi pasipo kosa lolote. Baada ya miezi mitatu ataamka asubuhi moja na mashine ile ile, barabara ile ile na ustadi ule ule, lakini leseni mfukoni mwake itakuwa karatasi ya kumbukumbu. Akichukua leseni ya kujifunzia ya huko, hiyo humruhusu kuendesha peke yake pikipiki isiyozidi sentimeta za ujazo 125 na nguvu ya kilowati 11 tu, yenye vibao vya herufi L nyekundu mbele na nyuma. Haruhusiwi kupakia abiria wala kuingia katika barabara kuu za kasi. Tena hata hiyo ndogo haipandi barabarani kabla hajapita mafunzo ya lazima ya awali, ambayo yalianzishwa huko mwaka 1990.

Wako watakaosema, "Ataendesha polepole, nani atamjua?" Ndugu zangu, ubaya wa jambo hili hauko kwa polisi wa njiani peke yake. Mtu anayeendesha bila leseni inayostahili huiweka bima yake mashakani. Adhabu ya papo kwa papo ya kutokuwa na bima ni pauni 300 na pointi 6 katika leseni, na chombo chaweza kutwaliwa hapo hapo. Akipelekwa mahakamani faini haina kikomo. Sasa kumbuka kwamba dereva mpya wa huko akifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo hunyang'anywa leseni na kuanza mitihani upya. Na kama, Mungu apishie mbali, amemgonga mtu, atajikuta anadaiwa fidia ambayo mshahara wa muuguzi hauwezi kuimaliza. Ada ya mdogo wake itapatikana wapi siku hiyo?

Iko pia habari ya umri. Waingereza wameigawa leseni ya pikipiki kama ngazi. Mwenye miaka 17 aweza kufanya mtihani wa pikipiki za sentimeta za ujazo 125. Mwenye miaka 19 hufanya wa daraja linaloitwa A2, ambalo kikomo chake ni kilowati 35. Daraja kamili, la mashine za nguvu yoyote, hutolewa kwa mwenye miaka 24, au kwa mwenye miaka 21 aliyekwisha kaa na A2 miaka miwili. Kijana wetu ana miaka 23. Kwa hiyo hata akifaulu kila mtihani kesho, hawezi kupewa leseni ya ile BMW. Na asije akadanganywa na fundi kwamba injini yaweza kupunguzwa nguvu mpaka ifae A2. Ni kweli hilo hufanywa, lakini sheria inataka nguvu ya asili ya mashine isizidi mara mbili ya kile kikomo, yaani kilowati 70. R 1250 GS ina 100.

Mitihani yenyewe si ya kuogofya, ila haifanani na ile tuliyoizoea. Baada ya mafunzo ya awali, ambayo sehemu yake ya mwisho ni kuendesha barabarani saa mbili kwa uchache mwalimu akifuata nyuma, mwanafunzi hujibu maswali 50 ya nadharia na kufaulu 43. Kisha hutazama filamu fupi 14 na kubonyeza kila aonapo hatari inaanza kujitokeza: mtoto kando ya njia, gari linalotaka kutoka uchochoroni. Huulizwa kwa Kiingereza au Kiwelsh tu. Baada ya hapo iko mitihani miwili ya vitendo, mmoja wa kiwanjani na mwingine wa barabarani. Wa barabarani mtahini humfuata kwa chombo chake akimwelekeza kwa redio, lakini kabla ya kuondoka humtaka asome namba ya gari lililo umbali wa meta 20. Jambo moja litamfaa kijana: huko nako watu hupita kushoto, na vipilefti ni vingi kuliko vya kwetu. Mkono wake hauna la kujifunza upya. Jicho ndilo lenye kazi, maana kosa linalowaangusha wengi ni kutogeuza kichwa na kutazama nyuma ya bega kabla ya kuhama upande.

Mtihani wa kiwanjani una kipengele kimoja ambacho naona kina hekima. Mtahiniwa huambiwa aitoe pikipiki kwenye stendi, injini ikiwa imezimwa, na aisukume kinyumenyume kutoka kituo kimoja hadi kingine. Hapo mtu hupima kama anakiweza chombo au anakitamani tu.

Nami nasema huo ndio mtihani wa dukani pia. Vijana huuliza injini ina ukubwa gani. Swali la kwanza lingekuwa: ina kilo ngapi, na kiti kiko juu kiasi gani? Boxer ya bodaboda aliyoizoea nyumbani ina kilo 120 hadi 130 hivi. R 1250 GS ina kilo 249 ikiwa na mafuta, na kiti chake kiko sentimeta 85 kutoka ardhini. Mtundikie masanduku mawili pembeni kama shogi za punda, ongeza hema na nguo, kisha isimamishe kwenye mteremko wenye changarawe, mguu mmoja ukitafuta ardhi. Pikipiki ya safari aghalabu haimwangushi mtu ikiwa mwendoni, humwangusha inaposimama. Ikiinama kupita kiasi hakuna mkono wa kuizuia, na mwenye nayo yuko peke yake porini, kilometa 20 kutoka nyumba ya kwanza.

Kwa mwenye daraja A2 ziko mashine nzuri wala hazidhalilishi. Honda CB500X, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013, ina injini ya pistoni mbili ya sentimeta za ujazo 471, nguvu ya kilowati 35 barabara, na uzito wa kilo 200 hivi. Katika barabara kuu za kasi, ambako kikomo ni maili 70 kwa saa, yaani kilometa 112, huenda bila kulalamika. Ziko nyingi mitumba. Royal Enfield Himalayan ya sentimeta za ujazo 411 ni ya polepole zaidi, na katika barabara kuu upepo wa malori utaitikisa, lakini kiti chake ni cha sentimeta 80 na fundi yeyote aliyekulia kwetu ataielewa kwa kuitazama. Mimi, kama ningeulizwa, ningechukua Honda.

Nadhani hata safari yenyewe inamtaka mtu mwenye chombo chepesi. Njia mashuhuri ya kaskazini mwa Uskoti, iliyopewa jina la North Coast 500 mwaka 2015, huanzia mji wa Inverness na kurudi hapo hapo, kilometa 830 hivi. Sehemu kubwa yake ni barabara ya gari moja yenye vituo vya kupishania, na kondoo hulala juu ya lami kama mbuzi wa kwetu. Kando yake uko mlima uitwao Bealach na Bà, ambako njia hupanda kutoka usawa wa bahari hadi meta 626 kwa kona kali. Chini ya mlima huo kipo kibao kinachowashauri madereva wanaojifunza wasiipite njia hiyo. Mvua haina msimu. Visubi wa kiangazi huingia hata ndani ya kofia. Tena sisi tuliozaliwa penye saa 12 za mchana husahau kwamba huko mwezi Desemba mchana haufiki saa saba, ilhali Juni mwanga huchelewa mpaka usiku wa saa nne. Aende kati ya Mei na Septemba. Asifikirie kuvuka kwenda Ufaransa wala Jamhuri ya Ireland kwa kibali chake cha ukazi wa Uingereza, kwani kwa pasipoti yetu nchi hizo zinataka viza zao.

Nguo nazo zihesabiwe katika bei ya chombo tangu mwanzo. Kofia ngumu ni sharti la sheria huko tangu mwaka 1973, na serikali hupima kofia na kuzitunuku nyota kuanzia moja hadi tano, matokeo yakiwa wazi kwa kila mtu. Glavu, buti na koti lenye vikinga vya mabega na viwiko si mapambo. Upepo wa nyuzi 8 mwendoni huua ganzi vidole mpaka mtu asihisi klachi.

Kwa hiyo, mzee wangu wa Njombe, usimkatalie pikipiki. Mkatalie hii. Mwambie fedha ya ada iende shuleni kama kawaida, na kiasi alichokwisha kuweka kando akilipie leseni ya kujifunzia, mafunzo ya awali na mitihani ya A2, akianza juma hili, kwa kuwa nafasi za mtihani hazipatikani siku mtu azitakapo. Akifaulu kabla ya mwezi wa 12 hatakuwa na siku hata moja ya kuendesha kwa wasiwasi. Akifikisha miaka 24 ndipo aweza kufanya mtihani wa daraja kamili, kama bado anaitaka mashine ya kilo 249. Na katika barua yako ya kwanza muulize tarehe halisi aliyoanza kuwa mkazi huko, kisha mwagize aiandike na kuibandika mlangoni, ndani, mahali atakapoiona kila anapochukua ufunguo.