Baby shower siyo shoo ya mama!

Mjini sasa hivi kila staa mwenye mimba lazima afanye baby shower. Poa. Tatizo wengi wamedaka jina tu, maana yake wameiacha airport.

"Shower" hapa siyo bafu, wala hakuna anayeogeshwa. Ni mvua ya zawadi kwa mtoto anayekuja. Kule Marekani ilikoshamiri, marafiki wa mama hukutana kabla hajajifungua, kila mtu na chake mkononi: nguo, pampasi, kitanda, kigari cha kusukuma. Lengo ni kumpunguzia mzigo, hasa wa mtoto wa kwanza.

Sasa njoo Bongo. Mwenye shughuli anatangaza sare, kitambaa kinanunuliwa kwake, mchango unatumwa kwa simu. Hela yote inaishia kwa mpambaji, MC na keki ya ghorofa tatu. Mvua imenyeshea ukumbi, mtoto kabaki mkavu! Wiki mbili baadaye mashosti walewale wanaombwa hela ya pampasi.

Na msiseme ni wivu. Kitchen party nayo ina jina la Kizungu, lakini bibi harusi anaondoka na masufuria yake pamoja na maneno ya somo. Jina la kuazima, kazi imefanyika.

Anayetaka pati ya kupiga picha aiite pati ya kupiga picha, watu watakuja tu. Ila kadi ikishaandikwa baby shower, mtoto ndo alowe. Au siyo, wadau?