Chupa Hii Imetoka Wapi?

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika minada ya mvinyo wa kale, kibaya nacho huvikwa joho la chema. Mnunuzi hawezi kuonja pasipo kuifungua chupa, na akiifungua, thamani yake imekwisha.

Aprili 2008, mjini New York, zilikuwa karibu kunadiwa chupa za Clos Saint-Denis zenye jina la shamba la Ponsot la Ufaransa, nyingine zikiandikwa mwaka 1945. Mwenye shamba, Laurent Ponsot, alifunga safari mwenyewe kuzizuia, kwani ukoo wake haukutengeneza mvinyo huo kabla ya miaka ya 1980. Aliyezileta, Rudy Kurniawan, alihukumiwa mwaka 2014 kifungo cha miaka 10 kwa ulaghai.

Mwaka 2018, katika mji huo huo, chupa moja ya Romanée-Conti ya 1945 iliuzwa dola 558,000. Ilitoka katika ghala la Robert Drouhin, ambaye ukoo wake uliwahi kuwa msambazaji wa shamba hilo. Njia yake ilijulikana.

Ndugu msomaji, nasi tununuapo dawa, mbegu au kipuri, tusidanganywe na nembo. Tuulize kwanza: kimetoka wapi, na stakabadhi i wapi?