Chaki, spiriti na wino: tuache kukaririshana sayansi

Nimerudi chuo salama kutoka nyumbani Munisagara, kule reli ya kati inakofuatana na mto Mkondoa. Leo nina la moyoni.

Mdogo wangu yuko kidato cha kwanza. Jioni moja namkuta anakariri kwa sauti: "Kromatografia ni njia ya kutenganisha..." Nikamuuliza, umeshaiona? Akacheka. "Kaka, hiyo si ya kuona, ni ya mtihani."

Iliniuma bana, maana na mimi nilipita hivyohivyo. Swali hilo nilipata vema miaka kadhaa kabla ya kuiona kromatografia kwa macho, tena huku chuoni.

Basi tukajaribu. Kipande cha chaki nyeupe, nukta ya peni nyeusi sentimita mbili hivi kutoka chini, halafu tukakisimamisha kwenye kisosi chenye maji kidogo yasiyofika kwenye nukta. Maji yakapanda, nukta ikabaki palepale. Dogo akaniangalia kama vile nakula bumu bure. Kumbe wino wa peni ya kawaida una asili ya mafuta, hauyeyuki kwenye maji.

Nikaenda duka la dawa kununua spiriti. Chaki mpya, mbali kabisa na jiko. Dakika chache tu nukta ikaanza kutambaa na ule weusi ukaachana: zambarau na bluu, kila moja na kituo chake. Dogo akaruka: "Kumbe nyeusi siyo nyeusi?" Halafu akauliza mwenyewe kwa nini. Nikamwambia ni kama abiria wa treni moja. Rangi inayoyeyuka vizuri kwenye spiriti inafika mbali, inayong'ang'ania chaki inashuka mapema.

Tena chaki siyo ujanja wa kimaskini. Mwaka 1906 Mrusi Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea, ndiye aliyeipa njia hii jina lake, baada ya kutenganisha rangi za majani kwenye bomba la kioo lililojazwa unga wa chaki. Karatasi ilikuja baadaye, mwaka 1944, na mwaka 1952 Martin na Synge wakapewa Nobel kwa kazi yao ya kromatografia.

Najua kuna watakaosema naipa serikali kisingizio. Hapana. Chaki haiwezi kuwa bureti wala asidi, na ile michango ya maabara za shule za kata ya mwaka 2014 haikuwa ya kujenga kuta tupu. Maabara zenye vifaa tuzidai. Ila mada hii ya kidato cha kwanza haina cha kusubiri: chaki ipo kila darasa, peni kila mfuko. Tunachokosa ni mtu wa kuthubutu, hata kama jaribio la kwanza litagoma mbele ya wanafunzi. Lilipogoma letu ndipo dogo alipoanza kufikiri.

Wenzangu mnaokwenda mazoezi ya kufundisha, msiende na madesa peke yake. Tieni spiriti kwenye begi.

Nawasilisha.