Kifurushi cha programu ni nafuu, lakini funguo anashika nani?

Ndugu zetu wengi walioko Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba hivi sasa wanaendesha maisha yao kwa kazi ya kompyuta. Baadhi yao wamefungua kampuni ndogo za watu wawili au watatu, wanahudumia ofisi za mawakili, maduka na nyumba za kutunzia wazee. Nyumbani nako, vijana wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wanafanya kazi hiyo hiyo kwa mahoteli na mashule. Wote hawa hukutana na swali moja kila mkataba unapokaribia kumalizika: je, wanunue programu zao zote kwa kampuni moja, yaani kifurushi, au kila programu waitafute mahali pake?

Sisi tunaoandika haya tumo katika kazi hiyo hapa Uingereza, na njia zote mbili tumezijaribu.

Kwa msomaji asiyeijua kazi yenyewe, fundi mwenye wateja ishirini hawezi kuwazungukia wote kila siku. Anahitaji programu ya kuingia katika kompyuta zao kwa mbali, programu ya kuandikisha matatizo yao na saa alizofanya kazi, kinga ya virusi, mahali pa kuhifadhi nakala za mafaili yao, na daftari la maneno ya siri. Hapo kuna programu tano, na kila moja ina malipo yake ya mwezi, mara nyingi kwa dola.

Lazima tuseme ukweli kwamba kifurushi kina faida zake. Ankara inakuwa moja, na ukipata tatizo unapiga simu mahali pamoja. Tulipokuwa tukinunua kwa kampuni mbalimbali tulikuwa tukipoteza siku nzima, huyu akisema kosa ni la yule na yule akiturudisha kwa huyu. Tena programu nyingi maana yake ni milango mingi ya kulinda, na fundi aliyechoka husahau kufunga mmoja.

Kwa sababu hizo tulitia saini mkataba wa miaka mitatu wa programu sita. Haukupita mwaka tukagundua kwamba tunatumia tatu tu. Tulipoomba kupunguziwa, tukajibiwa kwamba bei ni ya kifurushi kizima na muda haujaisha. Wateja wetu wawili wakaondoka, lakini idadi ya kompyuta tuliyoiandikia mkataba ikabaki ile ile, nasi tukaendelea kulipia mashine ambazo hatuzioni tena. Unafuu ule ukageuka kuwa deni.

Hata hivyo, fedha siyo jambo linalotutia hofu zaidi. Siku moja tulifanya jaribio la kurejesha mafaili ya mteja kutoka katika nakala, tukashtuka kuona kwamba jina na neno la siri tunalotumia kuingia katika kompyuta zake ndilo lile lile linaloweza kufuta nakala zake zote. Mwizi angelipata moja tu, angekuwa na nyumba na ghala kwa pamoja.

Na hili si jambo la kufikirika. Tarehe 2 Julai 2021 kundi la wahalifu wa mtandao lijulikanalo kama REvil lilitumia kasoro katika VSA, programu ya kampuni ya Kaseya ya kusimamia kompyuta kwa mbali. Kampuni za huduma zilizoguswa moja kwa moja hazikuzidi 60, lakini kupitia kwao biashara zipatazo 1,500 zilifungiwa mafaili yao. Huko Sweden maduka ya Coop yalifungwa kwa mamia kwa sababu mashine za malipo hazikufanya kazi. Wahalifu walidai dola milioni 70. Aliyekuwa na nakala salama, mbali na mlango ule, alikuwa na pa kuanzia.

Basi wapo watakaosema dawa ni kununua kila kitu mbali mbali. Nao wasijidanganye. Mwaka 2022 Kaseya hiyo hiyo iliinunua Datto, kampuni iliyojulikana sana kwa kazi ya kuhifadhi nakala, kwa dola bilioni 6.2. Fundi aliyechagua kampuni hizo mbili makusudi ili zisiwe mkono mmoja, aliamka akakuta zina mwenye mali mmoja, naye hakuulizwa.

Kwa maoni yetu, kosa ni kuuliza kifurushi au si kifurushi. La kuuliza ni kitu gani kisitiwe ndani yake. Programu ya kuandikisha kazi, ya ankara na ya kusimamia mashine zinaweza kukaa pamoja, na ndivyo tunavyofanya sisi sasa. Lakini nakala za wateja na daftari la maneno ya siri tumeziweka kwa kampuni nyingine, kwa majina mengine ya kuingilia, hata kama tunalipa zaidi. Kila mwaka tunaangalia upya ni nani anamiliki nini, na kila baada ya miezi mitatu tunajaribu kurejesha mafaili ya mteja mmoja. Mkataba wa zaidi ya miezi 12 hatutii saini tena, hata tupewe punguzo gani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Yule wakili au mwenye hoteli hajui hata jina la programu tunazotumia. Anachojua ni kwamba ametuamini, na siku mafaili yake yatakapopotea hatamtafuta muuzaji wa kifurushi. Atatutafuta sisi.