Makao ya wazee yafanane na nyumbani

Vita imetawanya familia zetu, na wazee wengine wamebaki bila mtoto wa kuwapikia. Katiba ya 2006, kwenye kipengele cha 49, inawapa haki ya kulindwa kipekee. Lakini kulinda si kuwapanga vitanda ishirini ndani ya chumba kimoja sawa hospitali.

Kule Weesp, Uholanzi, kijiji cha Hogeweyk kinatunza tangu 2009 wazee waliopoteza kumbukumbu: sita ao saba kwa nyumba moja, chakula kinapikwa humo humo, duka liko karibu, watunzaji wanavaa nguo za kawaida. Pesa zile hatuna. Lakini mbabula uani, kiti mlangoni, na mama mzee kuachiwa achambue sombe mwenyewe, hiyo inaomba franga ngapi?