Ushonaji ni kurudia, si cheti

HIVI karibuni nilikuwa Kabuta, wilayani Nchelenge, kununua chisense za kupeleka Kilwa, ng'ambo ya Ziwa Mweru. Nikiwa nasubiri boti, bwana mmoja alinifuata akitaka kuniuzia cherehani. Ilikuwa bado mpya, aliipata alipomaliza mafunzo ya miezi mitatu.

"Ndugu yangu, kazi hii haina soko," aliniambia.

Nikamwomba anionyeshe alichoshona. Akatoa gauni moja, shati moja, suruali moja na mkoba mmoja. Kila kitu kimoja kimoja, na kila mshono umekwenda kombo. Nikamwambia tatizo si soko. Tatizo ni kwamba hajarudia.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta mimi. Nilijifunza kushona nikiwa mkimbizi katika kambi ya Kala, Kawambwa, kabla haijafungwa mwaka 2010. Mama aliyenifundisha alinikalisha wiki mbili nikishona karatasi za daftari, sindano bila uzi, nikifuata mistari. Nilinung'unika sana. Kisha akanipa vitambaa vya mitumba nishone foronya, nifumue, nishone tena. Katika cherehani ya kukanyaga, mguu ukikosea mwendo gurudumu hurudi nyuma na uzi hukatika. Hilo halifundishwi kwa maneno. Nilipofikia kama foronya ya 30, miguu ilikuwa inakwenda yenyewe, nami nikabaki na kazi ya kutazama kitambaa tu.

Najua wapo watakaosema tumbo halingoji foronya 30. Ni kweli. Ndiyo maana nashauri uchague nguo moja inayouzika. Shule za Zambia hufungua mwaka Januari, za Kongo Septemba, na upande wa Kongo mtoto huvaa shati jeupe na sketi au suruali ya bluu. Shona sketi hiyo hiyo ya bluu mara 20. Mbili za kwanza wavae wanao. Ya kumi jirani atainunua. Ya 20 utaivusha ziwa bila aibu. Tena uvuvi hufungwa upande wa Zambia kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Miezi hiyo mikono haina nyavu, basi ishike kitambaa.

Kwa wanaotoa mafunzo, hasa kwa ndugu zetu wa Mantapala, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2018 na ambako baadhi walianza kurejea Pweto Desemba 2021, ombi langu ni moja: punguzeni aina za nguo, ongezeni marudio. Anayerudi kwao na cheti bila mkono mwepesi atauza cherehani kabla ya mvua ya kwanza.

Yule bwana nilimwacha bado anatafuta mnunuzi. Kama anasoma hapa, namsihi arudi nayo nyumbani, afumue lile gauni, alishone tena.